Filamu ya Mapenzi na Damu

Nimeaibika mara nyingi hapa duniani, lakini ile aibu ya Jumamosi wakwe walipokuja bado inanichoma kifuani kama pilipili, kwa hivyo sikizeni, na anayetaka kucheka acheke akifika kwake.

Mjukuu wangu Nanjala alikuwa anaposwa na watu wa Kibabii, watu wa kanisa, ati wameokoka kutushinda sisi wa Naitiri. Nikasema hawa nitawaonyesha. Kuna filamu misheni walikuwa wanatuonyesha zamani kwa shuka nyeupe, ya damu ya Yesu, watu wanalia mpaka wanaanguka. Nikaenda Kitale kununua sukari, nikaingia kwa duka ya Brayo, kijana anayewekea watu filamu kwa flashi.

"Nataka ile ya zamani ya damu."

"Shosh, ya zamani hakuna mtu anaangalia. Iko hii imetengenezwa upya. Mapenzi na damu, mwanzo mpaka mwisho."

"Hiyo ndiyo yenyewe!" (Si Mwokozi alitupenda akamwaga damu? Wewe ungefikiria nini?)

Akaniwekea kidogo. Ilikuwa giza tu na maandishi ya Kizungu, na mimi shule niliachia darasa la pili. Lakini kinanda! Kile cha umeme, kinanguruma chini chini, kinapanda polepole, mpaka nywele zikanisimama. Nikasema hapa Roho yuko.

"Umeskia hiyo mziki, Shosh?" Brayo ananiuliza akicheka. Akicheka! Anaona bibi mzima na Biblia kwa mkoba, na haulizi hata swali moja!

Jumamosi wageni wakaketi. Sasa kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana mpaka hawasalimiani kwa mkono, kwa hivyo binti yangu Nafula, mama ya Nanjala, alikuwa amegeuza uso ukutani ndio asimwone Khisa, bwana arusi. Kijana wangu Wafula akachomeka flashi, na spika ya kwaya akaiweka nje, ndio majirani waliokaa kwa hema pia wabarikiwe.

Kinanda kikaanza. Rosa Nelima, mama ya Khisa, akainua mikono, "Asante Bwana." Huko kwa hema watu wakapiga makofi. Mimi nikafura kama jogoo.

Mara akatokea msichana kwa makaburi, hana nguo hata uzi. Nikajiambia huyo ni Hawa, nguo zinakuja. Akatokea mwanaume, yeye pia hana. Wakashikana, msichana akatoa meno marefu akamuuma shingo, damu chwaa, na hawakuachana, bana, waliendelea!

Nikaruka nikafunika televisheni na kitambaa cha meza. Picha ikapotea, lakini kinanda kikabaki, na kuhema juu yake kunasikika mpaka barabarani, na hiyo ni mbaya kuliko kuona, kwa sababu mtu akisikia anajiongezea. Wa hema wakaja mbio wakidhani mtu anauawa. Wafula ametoroka na rimoti mfukoni!

"Mama mkwe na mkwe wanaonyeshwa uchi nyumba moja!" Rosa akapiga kelele. "Hapa hatuoi!"

"Hii boma iko na pepo," akasema mzee Barasa, msemaji wao.

Nanjala ndiye aling'oa waya, akilia, na wakwe wakaondoka wakiacha wali kwa sahani. Sasa hasira yangu iko hapa: mimi nilisimama mbele ya hao watu nikawaona vizuri, na isipokuwa Nafula, hakuna mmoja alikuwa amefunika macho. Barasa alikuwa ameinamisha shingo aone chini ya kitambaa!

Siku chache baadaye nikakutana naye soko ya Misikhu. Akaangalia nyuma, akaangalia mbele.

"Kukhu," akaninong'oneza, kwetu ndiyo bibi, "yule mwanaume alikufa ama alipona?"

Damu ikanipanda kichwani.

"Barasa, rudisha watu wako tumalize maneno ya Nanjala. Usipowarudisha, nitakuja kanisa yenu Jumapili, nisimame, niseme umeniuliza nini."

Walirudi. Tulikunywa chai, televisheni imefungiwa kwa stoo ya mahindi, na tarehe ya harusi ikawekwa. Mimi nimeapa, kitu cha kuangalia sitanunua tena kwa masikio, hata kama kinanda kinapigwa na malaika. Na Barasa bado ananitupia macho akingoja jibu. Angoje.