Kompyuta ya Mzee Prosperi

Inamahoro alikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi mjini Tabora, na uchovu ulikuwa umemganda tangu kabla ya Krismasi. Mchana kutwa alihangaika na mashine kuukuu zisizoisha kuharibika, kisha akarudi nyumbani Isevya kumtunza baba yake, Mzee Prosperi, aliyemleta kutoka Ulyankulu macho yalipoanza kufifia.

Mzee hakutaka kukaa bure. Aliandika jinsi walivyofika Ulyankulu wakiwa wakimbizi kutoka Burundi, wakafyeka pori na kuanza upya. Kwa ajili yake Inamahoro aliweka NixOS kwenye kompyuta ya zamani. Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta wa jamii ya Linux, ila wa namna yake: huendi ukibofya huku na kule kuirekebisha, bali unaandika katika faili moja kila unachotaka kompyuta iwe nacho, nayo inajijenga kufuata maandishi hayo. Humo aliagiza herufi kubwa za njano kwenye kioo cheusi, na sauti ya kusoma kila neno linalochapwa. Kazi hiyo ilimla Jumapili nyingi, maana ukisahau nukta-mkato moja tu, mashine inagoma.

Mwezi wa pili radi ilipiga karibu na nyumba, kompyuta ikaungua.

"Usijali, Baba," Inamahoro alisema. "Lile faili nina nakala yake chuoni. Naijenga upya vilevile."

Jumamosi alileta kompyuta nyingine iliyokuwa imewekwa kando chuoni, akaiunganisha na intaneti ya simu, akangoja. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Alasiri ndipo kioo kilipowaka: herufi zilezile, sauti ileile.

Mzee alipapasa kibodi akacheka. "Ndiyo yenyewe! Haya, nisomee nilipoishia."

Inamahoro akafungua. Hamkuwa na kitu. Lile faili lilijua kompyuta inavyotakiwa kuwa. Halikujua mzee aliandika nini ndani yake. Maandishi yake yalikuwa kwenye diski iliyoungua. Jambo hilo Inamahoro aliwafundisha wanafunzi kila muhula, lakini alikuwa akiahirisha kunakili kazi ya baba yake, kila mara akiwa hoi.

"Baba, hayapo."

"Yote?"

"Yote. Nisamehe."

Mzee aliondoa mikono kwenye kibodi. Kisha akauliza, "Wewe tangu asubuhi umekula?"

Swali hilo ndilo lililomliza.

Kwa majuma kadhaa mzee hakuigusa kompyuta, na Inamahoro hakuthubutu kumhimiza. Aliongeza tu maagizo kwenye faili, ili kila jioni maandishi yawe yanajinakili kwenye mashine ya chuoni.

Asubuhi moja ya Jumapili, akivaa kwenda misani, alisikia sauti ya kompyuta ikitamka jina: Esperansi. Akaenda sebuleni.

"Esperansi ni nani, Baba?"

"Dada yako. Wa kwanza kabisa. Tulimzika njiani, kabla hatujafika Ulyankulu." Vidole vyake vilikuwa bado juu ya kibodi. "Mara ya kwanza nilimruka. Nilianzia kwenye kufyeka pori."

Inamahoro hakuwahi kulisikia jina hilo. Alivua viatu, akaketi sakafuni, mgongo ukiegemea ukuta.

"Utachelewa misa," mzee alisema.

"Nitachelewa. Alifanana na nani?"

"Ngoja," alisema, akitafuta herufi. "Nitafika hapo."