Wapangaji Chini ya Mti wa Nesta

Saa mbili asubuhi, Emrys Bebb yuko juu ya ngazi kando ya kijito kilicho nyuma ya nyumba yake, anachuma vitunda vyeusi vya gwernen, mti wa Wales unaopenda majimaji. Vya kileleni havigusi. Huko chiriku wameshaanza kula, na kelele zao usiseme.

"Vya juu ni vyao," anasema. "Hata ningevitaka, nani atapanda huko na magoti haya?"

Atavianika jikoni juu ya gazeti mpaka vifunuke. Machi ataziatika mbegu juu ya udongo wenye unyevu bila kuzifukia, maana zikikosa mwanga hazioti. Ndivyo alivyoupata mti huu, mwaka ule alipomwoa Nesta.

Emrys ni fundi wa mitalawanda, viatu vya mbao za gwernen wanavyopigia sakafu wachezaji ngoma wa Wales. Kwa wateja hununua mbao. Jozi ya Nesta, mchezaji hodari kuliko wote bondeni, aliapa itatoka kwenye mti alioukuza mwenyewe. Mganga hajigangi: miaka thelathini na minne mke wa fundi anacheza na jozi ya dada yake, nayo inambana vidole.

Mwezi uliopita mti ulikuwa umetosha, Emrys akanoa msumeno. Nesta mwenyewe ndiye aliyetoka mbio na kandambili kumzuia. Alikuwa amemwona fisi-maji akiingia chini ya mizizi na samaki mdomoni, watoto wawili wakimpokea.

"Nikamwambia, mke wangu, hii ni ahadi yako. Akanijibu ahadi yake ina wapangaji, na kama nataka kuwafukuza nianze na yeye."

Emrys alinuna siku nzima. Anakiri ilimuuma, na bado inamuuma, kwani wakiondoka hawa watakuja wengine. Mti ule hataukata tena.

Miche ya safari hii ataipanda kwenye bonde la malisho, penye majimaji lakini mbali na kijito, fisi-maji wasipatamani. Huko jua ni tele kuliko hapa kijitoni, kwa hiyo itachukua miaka ishirini tu.

Nesta, aliyeleta chai, anasikia hesabu hiyo.

"Nitakuwa na themanini na mitatu," anasema, akivua soksi palepale kwenye nyasi zenye umande. "Basi nipime miguu leo, mzee, kabla haijavimba."

Emrys anashuka ngazini, anakwenda kutafuta penseli.