Samaki Mwenye Mdomo Uliojaa

Mwisho wa Februari, 1996, nilimpoteza mume wangu. Waliokuja matangani walimkumbuka kwa sauti yake ya kwaya. Mimi nilimkumbuka akitoka majini.

Alikuwa mtu wa pampu katika shamba la chai tulikoishi. Bwawa lilikuwa chini ya mteremko, na bomba lililopeleka maji kiwandani lilizibwa na magugu kila mara. Aliingia kutoka ukingoni, akazama, akayang'oa kwa mikono. Yeye alitoka upande wa Kakamega, amekulia mtoni. Mimi ni Mkipsigis wa karibu na Kabianga; kwetu maji yalikuwa ya kuchota na kunywesha ng'ombe.

Jioni alinieleza aliyoyaona huko chini, kama mtu anayeleta habari za sokoni. Januari maji yalikuwa safi, na samaki madume walichimba matopeni viota vya mviringo kama sahani, kila mmoja akilinda chake kama mwenye ploti. Mvua za Aprili zikija hakuona kitu, alipapasa tu, viluwiluwi wakimgonga usoni. Julai, kwenye baridi, samaki walishuka chini kabisa wakasimama bila kutikisika.

"Kama ng'ombe wenu wakinyeshewa," aliniambia. Nilicheka, maana ndivyo wanavyosimama.

Kwetu samaki hakuliwa. Mama yangu alimwita nyoka. Akija kututembelea alibeba sufuria yake mwenyewe. "Bwana yako ni mtu mzuri," alisema, "lakini hiyo sufuria yake, hapana."

Mwaka wetu wa kwanza, mume wangu aliniletea samaki nimsafishe. Nilikaa nyuma ya nyumba na kisu, sijui nianzie wapi. Nilipombana taya, vitoto vikamwagika mdomoni, vidogo kama punje za wimbi zenye macho. Nikapiga kelele. "Njoo uone! Huyu amekula watoto wake!"

Alikuja mbio, akainama kuangalia. "Hajawala," akasema. "Amewabeba. Akiwa nao mdomoni, yeye mwenyewe hali kitu." Siku ile hatukumpika. Tangu hapo, kila samaki aliyemshika alimpapasa kwanza chini ya taya. Akikuta pamejaa, alimwachilia.

Jumapili baada ya kanisa alinifundisha kuzama nikiwa na gauni kuukuu, kamba kiunoni, yeye ameshika upande wa pili. "Fungua macho," alikuwa akisema. "Usiponiona mimi, utawaona wao."

Mwaka ule wa mwisho aliugua kifua tangu Krismasi. Hospitali walimrudisha nyumbani. Aliacha ugali, kisha uji. Asubuhi moja akasema, "Mama watoto, ningepata mchuzi wa samaki, ningejaribu."

Nilishika neno hilo. Niliamini akila, atapona. Nikachukua kikapu changu cha kuchumia chai nikateremka bwawani. Wanawake waliokuwa wakichuma mteremkoni wakaniona.

"Wee! Huko chini unachuma nini?"

"Majani mawili na mkia!" mwingine akajibu, kwa kuwa chai huchumwa majani mawili na chipukizi, wakacheka. Hawakujua kwa nini nimekwenda.

Nilifunga kamba kwenye mti, nikazama. Maji yalikuwa yale yale ya hadithi zake. Sahani zilikuwepo, zimepangana matopeni, na madume wakinijia kwa hasira. Karibu na matete, peke yake, samaki jike alikuwa ametulia. Nilimsukumia kikapu taratibu mpaka akakosa pa kupita. Nikainuka naye, maji yakinifika kifuani, nikasikia furaha ambayo sikuwa nayo tangu Krismasi.

Kisha nikampapasa chini ya taya. Palikuwa pamejaa.

Sitasema nilimhurumia. Nilisimama pale nikiifikiria sufuria. Lakini nilijua mume wangu ataniuliza, na sikuwa nimezoea kumdanganya. Nikamshusha majini. Kwa woga akawatema watoto wote, akapotea kwenye matete. Nilizama haraka nione kama atawarudia, lakini miguu yangu ilikuwa imetibua matope. Nilijaribu kushika mwingine mpaka meno yakagongana. Sikupata.

Nilirudi nyumbani, gauni likichuruzika. Alikuwa ameegemea ukuta.

"Umepata?"

"Nilimpata. Mdomo ulijaa."

Niliona anataka kucheka, lakini kifua kilimkatalia. "Zile sahani zipo?"

"Zipo. Madume wako wakali."

"Na watoto? Walirudi mdomoni?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Sikuona," nikamwambia. "Nilichafua maji."

"Watarudi," akasema. "Huwa anawangoja mpaka maji yatulie." Kisha akaniambia, "Badilisha nguo, utashikwa na baridi. Halafu nipe chai."

Nikabadilisha, nikampa. Alikunywa nusu kikombe, akanirudishia kilichobaki, nikakinywa mimi.