Shemeji Alivyotufanya Baluzi

Jumamosi iliyopita, bidoni la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, likiwa bado halijafunguliwa, binti yangu Noëlla aligeuka dada wa mchumba wake.

Sitanii. Ilitokea sebuleni kwangu, hapa Bagira.

Wakwe walitoka Katana kuja kujadili mahari. Msemaji wetu alikuwa Stanislas, kaka wa mume wangu. Huyo ukimpa kiti na wasikilizaji, umekwisha.

"Mujue munaingia kwa nani," akaanza. "Sisi tuko baluzi. Damu ya mwami."

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama dari.

Kwetu Bashi, muluzi, wakiwa wengi baluzi, ni mtu wa ukoo wa mwami, mfalme wetu. Anazaliwa hivyo. Siku hizi hata muuza ndizi wa soko la Kadutu atakuita muluzi ili ununue mkungu wake. Lakini shemeji alitaka ule wa kuzaliwa, ng'ombe wa mahari waongezeke.

Papa Évariste, baba ya kijana, akavua kofia.

"Baluzi wa nyumba gani, muzee?"

"Nyumba kubwa."

"Ah. Hata sisi tuko wa ile nyumba." Akamgeukia mwanawe. "Aganze, simama, tuende. Huyu mutoto ni dada yako. Ukoo mumoja haioane."

Jikoni mwiko ukanyamaza. Noëlla akatokea mlangoni, macho yamejaa.

"Maman, fanya kitu."

"Tonton Stanislas," nikasema, "rudisha maneno yako."

"Damu haikanushwe."

Haya.

"Papa Évariste, kaa. Babu ya Stanislas na mume wangu alikuwa anakata majani ya ng'ombe wa mwami. Mama mkwe mwenyewe aliniambia, na alijivunia: ng'ombe hawakulala njaa."

Stanislas akavimba. "Maman Noëlla, unatuvua nguo mbele ya wageni."

"Bora nguo kuliko ndoa."

Mara bibi yake Aganze, maman Cibalonza, mama mzazi wa Papa Évariste, akaanza kucheka peke yake pale pembeni.

"Évariste, na wewe sema. Baba yako alikuwa anabeba kiti ya mwami. Tangu lini akaikalia?"

Papa Évariste akarudisha kofia kichwani, akaishusha hadi kwenye nyusi.

"Maman, yeye njo alianza. Nilimuona anajipandisha, na mimi nikajipandisha."

Kidogo tu tuvunje ndoa kwa ajili ya ukoo usiotujua, si wao wala sisi.

Harusi ni Agosti. Stanislas hajanisalimia bado. Atazoea.

Wazazi wenzangu, siku ya mahari ukimpandisha babu yako cheo, anayeanguka ni mtoto.