Mtu Tuliyemkamata Saluni

Mwaka ule nilikuwa nasoma historia chuoni, nimepanga chumba mtaa wa Glenwood, na kila Jumamosi nilishuka mjini kumsaidia tantine, mdogo wake mama yangu, kwenye saluni yake. Alipenda nimsimulie nilichosoma huku mikono yake ikisuka.

Jumamosi hiyo nilimweleza habari za waanzilishi wa serikali ya Amerika. Mmoja wao, aliyekuja kuwa rais wa pili, alikuwa wakili. Kabla ya uhuru, askari wa mfalme wa Uingereza waliufyatulia risasi umati mjini kwake, wakaua watu. Mji ulitaka wanyongwe. Wakili yule mwenyewe hakuupenda utawala wa mfalme, lakini aliwatetea mahakamani, kwa kuwa aliamini hata mtu anayechukiwa na wote lazima asikilizwe kabla ya kuadhibiwa. Wengi waliachiwa. Wawili walipatikana na hatia, wakaadhibiwa kwa kuchomwa kidole gumba kwa chuma cha moto.

"Aliwatetea watu walioua majirani zake?" tantine akauliza.

"Ndiyo."

"Basi kati ya waliokufa hakukuwa na ndugu yake."

Nilikuwa nampa kitana tuliposikia vioo vinapasuka barabarani. Wiki nzima watu walikuwa wakiandamana kutaka sisi wageni kutoka nchi nyingine tuondoke. Tantine akakimbilia kushusha mlango wa chuma, lakini rungu lilipenyezwa chini yake kabla haujagusa sakafu, ukainuliwa tena.

Waliingia wanaume kadhaa. Mmoja alimpiga tantine mkononi kwa rungu, nikausikia mfupa ukivunjika. Mwingine alinishika nywele akanigonga uso kwenye sinki, jino likatoka. Mteja wetu, mama wa Kizulu aliyesukwa nusu kichwa, aliwakaripia kwa lugha yao. Wakamsukuma, akaanguka juu ya vioo.

Ndipo mwenye duka la simu la jirani, Mkongo mwenzetu, alipokuja na vijana wake wameshika nondo. Wale wakatoroka, ila mmoja aliteleza kwenye shampuu iliyomwagika. Ni yule aliyempiga tantine.

Jirani yetu akafunga mlango. Yeye na vijana wake wakampiga yule mtu mateke mpaka akatapika. Kisha jirani akaulaza mkono wa yule mtu juu ya kiti, akamvunja kidole kimoja, halafu cha pili. Yule mtu alilia akimwita mama yake. Mdomo wangu ulikuwa umejaa damu na nilitaka aendelee.

"Acha," tantine akasema, ameketi sakafuni, mkono umening'inia.

"Tantine, huyu alitaka kukuua," jirani akasema.

"Aliyevunjwa mkono ni mimi. Wewe alikuvunja nini? Ita polisi."

"Polisi watamwachia kesho."

"Wamwachie. Lakini humu ndani hafi mtu. Hii iko saluni yangu."

Akajiburuta, akaketi kati yao. Jirani alibaki ameinua nondo yake, anahema, anamtazama. Mwishowe yule mama wa Kizulu ndiye aliyepiga simu.

Polisi walimchukua yule mtu, na walipoviona vidole vyake wakamchukua na jirani yetu pia. Mahakamani yule mtu alipewa wakili, msichana wa rika langu, aliyembana tantine kwa maswali. Hata hivyo yule mtu alifungwa. Jirani yetu alipewa kifungo cha nje. Tangu hapo hakutusalimu, na siku moja mkewe alitema mate miguuni mwa tantine mbele ya kanisa, watu wakiona.

Mkono uliunga vibaya. Tantine hawezi tena kusuka. Saluni ameifunga, na sasa anauza samaki wakavu na unga wa muhogo huko Pinetown, nje ya mji, karibu na stendi ya teksi. Mwezi uliopita mke wa jirani alifika pale kununua samaki. Nilisimama nyuma ya meza, nimekunja ngumi. Tantine akamchagulia wazuri, akamfungia kwa mkono mmoja. Mke wa jirani akauliza hali ya mkono.

"Ukipigwa baridi unauma," tantine akajibu.

Mke wa jirani akalipa, akachukua samaki wake, akaenda kupanda teksi.