Ushahidi Nilioutoa Kimilili

Alikunywa chai yangu. Hilo ndilo linalonichefua mpaka leo, kuliko hata mfuko wenyewe. Aliketi kwenye benchi la kibanda changu pale Kitale, si mbali na msikiti, akaagiza chai ya maziwa na maandazi mawili, akala polepole kama mtu asiye na haraka na dunia. "Mayi, mandazi yako ni tamu," akaniambia. Mimi nami, mjinga, nikacheka na kumwongezea nusu kikombe bure. Kwa hilo "mayi" tu, yaani mama, nilisikia ni mtu wa kwetu. Nimezaliwa Bungoma, na nikisikia tu mtu anaongea vile tunavyoongea, moyo unalainika. Akausukuma mfuko wake chini ya meza kwa mguu, akasema, "Nishikie mzigo kidogo, naludi sasa hivi." Akaenda zake.

Haukupita muda mrefu mfuko ukaanza kufuka moshi. Nilidhani kuna mjinga amebeba jiko ambalo halijazimika. Nikabeba karai la maji ya vyombo, nikalimwaga lote pale juu, huku nikimtukana na mama yake. Mfuko ukatoa mlio, ukanuka mpira ulioungua, ukanyamaza. Ndipo nikaufungua. Ndani kulikuwa na mtungi, nyaya, na misumari. Misumari ya inchi nne, ile ya kupigilia paa, imejazwa kama njugu. Nikakaa palepale kwenye tope la maji yangu. Benchi lilikuwa limejaa watu. Kulikuwa na mwanamke wa mtaa wa Kipsongo aliyekuwa akimlisha mtoto wake andazi, mtoto hata meno hajamaliza kuota.

Watu wakaniita shujaa. Shujaa wa nini, kumwaga maji machafu? Na hao hao walioniita shujaa, kabla sijasimama vizuri, walikuwa wameshavunja vioo vya duka la jirani yangu Mwislamu, mzee anayekunywa chai kwangu kila siku baada ya swala ya alfajiri. Nikapiga kelele, "Nyinyi! Aliyeacha mfuko ni mtu wa kwetu! Anaongea kama mimi!" Nani alinisikia? Niliona mikono niliyoikabidhi vikombe asubuhi ile ikibeba mawe. Nilitapika nyuma ya kibanda, na sikutapika kwa sababu ya misumari.

Polisi walimkamata huko Cheptais, amejificha kwa shangazi yake, chini ya kitanda. Nikaitwa kituoni kwa gwaride la utambuzi. Wanaume wanane wamepangwa mstari, na shahidi anatakiwa amguse bega yule aliyemwona. Nilimjua kabla sijafika mbele yake. Nikamgusa. Bega lilikuwa moto kama la mtu mwenye malaria. Nilitaka kumtemea mate, sajenti akanivuta mkono. Huyo sajenti alikuwa mtu mzima, mpole, aliyeandika maelezo yangu kwa kalamu mwenyewe, neno kwa neno. Akaniambia, "Mama, hii ni kesi safi. Mfuko upo, wewe upo, yeye yupo. Haya uliyoniambia utayasema kortini, na yeye akiwa amesimama pale anasikiliza."

Hicho ndicho nilichokitaka. Kila siku nikikanda unga nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema. Nilitaka anitazame. Nilitaka nimuulize mbele ya hakimu na karani na watu wote: nilikukosea nini, wewe, mpaka ule chakula changu halafu uniachie kifo chini ya meza?

Siku ya kesi nilifunga kibanda, nikavaa gauni langu la kanisani. Nikakaa kortini tangu asubuhi hadi watu wakaisha. Jina lake halikuitwa. Nikamuuliza karani, akapekua, akasema faili kama hiyo haiko. Nikaenda kwa sajenti. Akanipeleka nyuma ya ofisi, akawa anaongea na viatu vyake. "Walikuja Jumapili, watu wako kanisani. Hawana sare, gari halina namba. Wakasema hii si kesi, hii ni vita, na huyu ni wao. Sasa mama, mimi ni nani?"

"Wamempeleka wapi?"

"Nenda ukauze chai, mama."

Pale kibandani wateja walifurahi! Kijana mmoja wa bodaboda akapiga meza. "Si wamalizane na yeye huko, bana. Ulitaka alipiwe wakili? Hii ni vita, mathe." Wengine wakaitikia, midomo imejaa maandazi.

Nikamjibu nikiwa na mwiko mkononi. "Vita gani? Jeshi lake liko wapi? Amekuja na miguu, akala, akanidanganya, bomu lake likazimwa na maji ya vyombo, akakimbilia kwa shangazi. Huyo ni mhalifu, tena mhalifu ovyo! Mwizi wa kuku anapelekwa kortini, huyu mnampa cheo cha mwanajeshi kwa nini? Na mimi niliyemwona, sina maana? Maneno yangu niyapeleke wapi, niyakaange?"

Wakacheka. "Mama chai leo ameamka vibaya." Wakaagiza vingine. Nikawamiminia chai yao. Niliwachukia kwa sababu walifurahi kwa niaba yangu, kana kwamba kuna zawadi nimeletewa.

Miezi ikapita. Siku moja adhuhuri akaja mwanamke wa umri wangu, leso kiunoni, viatu vimejaa vumbi. "Mulembe," akanisalimu, akaketi. Hakuagiza kitu. Akasema, "Mimi ndiye mama yake."

Mungu anisamehe, neno la kwanza lililonijia lilikuwa tusi. Nikalimeza. Akaniambia amezunguka vituo vyote vya polisi, jela, na vyumba vya maiti vya Kitale na Bungoma, akifunuliwa watoto wa watu mmoja mmoja. Hakuna. Sasa shemeji zake nyumbani Kimilili wamechoka kukaa na msiba usio na kaburi. Wanataka wazike mgomba. Kwetu mtu akipotea kabisa, mwili usipatikane, hukatwa mgomba ukavikwa nguo yake, ukazikwa kama yeye. Na ukishazikwa, basi. Mwenyewe akirudi hawezi kuingia boma hivi hivi, kwa kuwa ni maiti aliyekwisha kuliliwa.

"Mimi nimekataa," akasema. "Kama si yeye aliyefanya, watajua wamekosea, watamwachilia. Atarudi akute nimemzika? Njoo, mayi. Wewe ndiye uliyeona. Njoo useme mbele yao."

Nilielewa anachoomba. Hakuomba ukweli. Alikuwa anaomba niseme sikumwona vizuri.

Nilikwenda Jumamosi. Sebule ilikuwa imejaa, viti vya plastiki vimeazimwa kanisani. Kaka wa baba wa yule kijana alikuwa ameshika usukani wa maneno. "Babu yetu alichukuliwa vita vya Wazungu, hakurudi, tukamzikia mgomba. Mgomba ni wa mtu wa vita. Na serikali yenyewe imesema huyu alikuwa vitani. Shida iko wapi?"

Shangazi mmoja mzee akarusha mkono. "Wacha! Babu alibeba bunduki wakimwona. Huyu ameacha misumari kwa mama wa chai, unamweka na babu? Ptuu!"

"Sasa tumzike kama nani?"

"Kama mwizi! Lakini hata mwizi hufungwa, tukajua yuko wapi!"

Wakazozana, wakapandishiana sauti, hata mchungaji akasahau kwamba yeye ni mchungaji. Nami nilikaa nikiona kinyaa cha kila kitu: kijana aliyekula akaondoka, wale wa gari lisilo na namba, wateja wangu, na hawa hapa wanaotafuta daraja la kumpanga mtu ambaye hakuna anayejua alipo. Kisha wote wakanigeukia. Mama yake alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, mikono imebana magoti.

Ningeweza kusema uongo. Ilikuwa rahisi, maneno machache tu: moshi ulikuwa mwingi, watu walikuwa wengi, wanaume wanafanana. Mama angepata mtoto wa kungoja. Lakini nilikuwa nimeyabeba yale maneno mwaka mzima, nikiyakanda pamoja na unga, na hakuna mtu aliyewahi kunipa mahali pa kuyasimamisha. Nikasimama, nikayasema yote, kama vile ningemwambia hakimu. Alivyokaa. Alivyonisifu. Alivyousukuma mfuko kwa mguu. Mtoto wa Kipsongo. Bega nililoligusa.

"Ni yeye," nikasema. "Nilimwona kama ninavyokuona wewe, mayi. Ni yeye."

Kortini neno hilo lingempa miaka. Pale sebuleni lilimuua, na nililiona likimfikia mama yake. Hakulia.

"Haya ungeyasema kortini," akaniambia, bila hasira hata kidogo, "wangemfunga. Saa hii ningekuwa nampelekea sabuni."

Akainuka kwa kushika ukuta, akawatazama shemeji zake.

"Kateni mgomba," akasema. "Shati lake la bluu liko kwa kamba."