Jina Tulilokatazwa Kumwita Skola

Nikiwa bado mtoto, kule Maposeni, mdogo wangu Skola alikuwa anaanguka ovyo. Anatembea uwanjani, hakuna jiwe wala kijiti, mara yuko chini. Kusikiliza ndiyo usiseme: ukimtuma chumvi, unamkuta kachuchumaa anatazama siafu. Mwalimu alimchapa akimwita mzembe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa sokoni Songea, mama akamnunulia raba akidhani kandambili ndizo zinazomwangusha. Wapi! Alianguka na raba zake.

Bibi, mama yake baba, akasema kosa ni jina. Skola alirithi jina la shangazi yake baba, aliyekufa na kinyongo.

"Somo wake anamvuta," alisema. "Mpeni jina jingine, na hilo la zamani lisitamkwe tena hapa."

Bibi alimpenda sana mtoto yule, hilo sitaki mtu anibishie. Unga wa mahindi ukanyunyizwa mlangoni, Skola akawa Neema.

Sasa hebu fikiri. Ukiita Skola mara mbili tatu, angalau aligeuka. Ukiita Neema, anaendelea na yake. Bibi akasema tuvumilie, atazoea.

Masika yale mto ulijaa. Tulikuwa tunatoka shamba, Skola katangulia, akapanda gogo la kuvukia. Mama alimwona tukiwa bado kilimani.

"Neema! Neema, rudi!"

Hakugeuka. Nilikuwa kando ya mama; nikaona midomo yake inataka kuita jina lile lingine, ikasita. Akaita Neema tena. Skola akayumba, akaenda na maji. Walimkuta kwenye matete.

Mwaka huu nimempeleka mwanangu hospitali, maana naye hatulii na anaanguka. Daktari akanieleza taratibu kwamba watoto wengine wakishindwa kutuliza akili, mwili nao hushindwa kujiweka sawa. Si uzembe, akasema, wala hakuna anayewavuta, kuna mazoezi. Nikalia mbele yake. Alidhani namlilia mwanangu.

Mama yangu yupo hai, mzee sasa. Anaamini kabisa kwamba yule shangazi marehemu ndiye aliyemchukua Skola, na kwamba yeye alishika mwiko mpaka mwisho ili amwokoe. Nikienda kumwona, namsalimia, shikamoo mama, napika, tunakula. Maneno ya daktari nimeyameza. Nikimwambia, atajua ni jina gani alipaswa kuita.